Piramidi Isiyofunga

Wenzangu mnaobaki kituoni, siku ya kuniaga mlinipa kitenge na daftari jipya, mkasema niandike niliyojifunza ili wanaokuja wasianze upya. Kitenge nimeshakishona. Daftari nimelikalia wiki sita, maana niliyojifunza hayakai vizuri kwenye hotuba ya kuagana. Shukrani ninazo chache, na nitaanza nazo ili ziishe mapema.

Vyeo sitavitaja, havikuwa vingi. Mshahara mnaujua, ndio huohuo mnaopokea. Niliajiriwa kupiga chapa katika kituo cha walimu hapa Nachingwea, lakini kazi niliyoipenda ilikuwa moja tu: kuchora michoro ya kukunja. Kwa asiyejua, ni mchoro bapa kwenye karatasi. Mtoto anaukata, anaukunja kwenye mistari, anaugundisha, unasimama na kuwa umbo: mchemraba, piramidi, au yale mengine ya nyuso nane na nyuso kumi na mbili ambayo walimu hawakuwahi kukubaliana yaitweje.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini. Siku ya kwanza mkuu wa kituo alinikabidhi taipureta ambayo herufi "m" yake ilikuwa imekatika mguu mmoja, boksi la stensili, na mtihani wa Hisabati wa darasa la saba. Maneno niliyamaliza kabla ya chai. Mchoro wa mwisho ulinimaliza mimi. Stensili, kwa ninyi mliokulia kwenye printa, ni karatasi laini yenye nta. Unaikwaruza kwa kalamu ya chuma, na wino wa mashine ya kudurufu unapita palipokwaruzwa. Ukibonyeza kidogo mstari hautoki. Ukibonyeza sana pembe inachanika, na nakala zote zinatoka na doa. Nilichana tatu. Ya nne niliichora nimezuia pumzi, na nilikuwa karibu kumaliza mtu aliposema kutoka mlangoni:

"Dada, huo mchemraba wako una nyuso saba."

Nikahesabu. Saba kweli. Nikaangalia karatasi niliyopewa nikopi. Nayo saba.

"Waliotunga mtihani hawakuona?" nikauliza.

"Walitunga," akasema. "Kuangalia hawakutumwa."

Huyo ndiye Mwalimu Kasiani, mkufunzi wa Hisabati. Baba yake alivuka Ruvuma kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu. Mashamba yakafa, mzee akabaki, na mtoto akasomea huku huku. Alikuwa amefundisha Nandagala miaka mingi kabla ya kuletwa kituoni. Alikuwa mrefu, wa maneno machache, na magoti ya suruali yake yalikuwa magumu kwa gundi ya unga wa muhogo, kwa sababu alikunja maumbo akiwa amepiga magoti sakafuni. Alitumia maboksi ya sabuni, maboksi ya dawa, chochote kigumu. Aliyokamilisha aliyatundika darini kwa uzi. Wageni waliuliza kama tumechelewa kuondoa mapambo ya Krismasi.

Yeye ndiye aliyenifundisha masikio. Sikio ni kile kipande chembamba cha pembeni kinachopakwa gundi. Mtu mgeni kwenye kazi hii huyaweka kila mahali, au huyasahau. Mwalimu Kasiani alinikalisha na mchemraba akaniambia nihesabu kingo. Kumi na mbili. Katika mchoro bapa, tano ni mikunjo. Zinazobaki saba zinatakiwa kugundishwa, kwa hiyo masikio ni saba. Ukiweka sita, boksi linabaki na mdomo. Ukiweka nane, masikio mawili yanagombea ukingo mmoja. Nilifanya hesabu hiyo kwa kila umbo kwa karibu miaka ishirini na haikuniangusha hata mara moja, jambo ambalo siwezi kulisema kwa watu.

Sharti lake la pili lilikuwa hili: mchoro hautoki chumbani kabla aliyeuchora hajaukata na kuukunja kwa mikono yake mwenyewe. Nilimwuliza kama kuangalia kwa makini hakutoshi.

"Hakutoshi," alisema. "Macho yako yanajua ulitaka kuchora nini. Yatakuonyesha hicho."

Ruangwa ilipopewa wilaya yake, walimu wa huko waliendelea kuja kwetu, kwa kuwa mashine ya kudurufu haikugawanywa pamoja na mipaka. Nasi tulikwenda kwao. Tulipanda malori ya ufuta na mbaazi, mimi nimekumbatia bahasha ya karatasi za manila kifuani, Mwalimu Kasiani amebeba kopo la gundi ambalo lilichacha njiani kila safari. Tulifika Nandagala, tukafika Matambarale, na shule nyingine ambazo barabara zake ziliishia kwenye mikorosho na ukamalizia kwa miguu. Watoto walikata kwa wembe, wawili wawili, kwa sababu mikasi ilikuwa miwili na yote mibovu. Nimeona watoto waliokuwa hawajasema neno darasani tangu Januari wakipiga kelele piramidi iliposimama mezani.

Tabu ilikuwa stensili. Umbo la nyuso kumi na mbili lina nyuso za pembe tano. Ukikosea nusu nyuzi kwenye uso wa kwanza, kosa linasafiri, na ukifika wa kumi na mbili unakuta pengo la kupitisha kidole. Nililichora mara tisa. La tisa lilifunga, nikalidurufu, na joto la mashine likaivuta stensili. Nilikaa chini nikalia, wala sioni aibu kulisema.

Kompyuta ililetwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Ulaya aliyekaa kwetu mwaka mmoja na malaria nne. Alipoondoka aliiacha pamoja na kitabu kinene cha maelekezo. Ndani yake kulikuwa na programu ya kupanga chapa, lakini siyo hizi zenu za kubofya na kuvuta. Hii ilikuwa ya amri. Hukuchora, uliandika. Unaandika: anza hapa, nenda sentimita nne, geuka nyuzi sabini na mbili, rudia mara tano. Kisha unaiamuru itengeneze ukurasa, unangoja, na ama unapata uso wa pembe tano, ama unapata lawama za ukurasa mzima kwa Kiingereza kwa sababu umesahau kufunga mabano mahali fulani jana.

Mkuu wa kituo alitaka ifunikwe kitambaa isiingie vumbi. Nilimwomba anipe miezi mitatu. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha pili, kwa hiyo nilikaa na kamusi upande wa kushoto na kitabu upande wa kulia, na umeme ukikatika nilisoma, ukirudi nilijaribu. Mwezi wa kwanza nilipata mraba. Mwezi wa pili niligundua kwamba programu inakuruhusu kubuni amri zako na kuzipa majina unayotaka. Siku hiyo nilihisi nimepewa funguo za nyumba. Nikabuni amri tatu nikaziita uso, kunja na sikio. Uso ilichora uso. Kunja iliweka mstari wa nukta nukta. Sikio ilichora sikio na kukata pembe zake lisigongane na jirani.

Mwalimu Kasiani hakujua kugusa kompyuta na hakutaka. Alikaa pembeni na kitabu cha majedwali ya logi akinipa urefu wa mbavu za pembetatu, mimi naandika. Piramidi yenye kitako mraba ndiyo tuliyoanza nayo. Niliandika kwamba urefu wa ubavu ni huu, na pembetatu zote nne ziutii. Ukibadili namba moja tu, mchoro wote unabadilika nayo na bado unafunga. Ukurasa ulipotoka kwenye printa alinipokonya, akakata, akakunja, akagundisha. Akainyanyua hadi usawa wa dirisha atafute mwanga unaopenya kwenye viungio. Haukupenya popote.

"Zuhura," alisema. Kabla ya hapo alikuwa akiniita dada tu. "Hii tutawapa watoto wote."

Hizo ndizo shukrani zangu. Zimeisha.

Tulitengeneza michoro arobaini. Tuliipa jina, Kata, Kunja, Gundisha, na tukaanza kutafuta wa kuichapa kitabu. Katika kuijaribu tulirudi Matambarale mara kadhaa, na huko ndiko tulikomkuta Somoe. Alikuwa darasa la sita, mwembamba, sare yake ameirithi kwa dada yake na ilionekana. Tulikuwa tumekunja mchemraba, tukahamia kwenye umbo la nyuso nane. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mbona huyu mwenye nyuso nane ana masikio matano, na boksi lenye nyuso sita lina saba? Si angekuwa na mengi zaidi?"

Walimu watatu waliokuwa mle ndani wakaangaliana. Mwalimu Kasiani alimpa maumbo yote mawili mkononi na kumwambia ahesabu kingo. Somoe akahesabu kwa kugusa kila ukingo na kidole gumba.

"Kumi na mbili," akasema. "Na hili kumi na mbili." Akayageuza yote mawili. "Basi huyu ana mikunjo mingi, ndiyo maana. Nyuso nane, mikunjo saba. Kinachobaki ni tano."

Tukiwa kwenye lori kurudi Nachingwea, Mwalimu Kasiani alisema kwamba katika miaka yake yote ya kufundisha swali hilo hakuwahi kuulizwa na mwanafunzi, wala na mwalimu.

Mwaka uliofuata ulikuja mradi. Jina lake silitaji, na hata nikilitaja halitawasaidia, umeshafungwa na magari yake yameshauzwa. Ulikuwa na ofisi mbali na hapa, na mratibu aliyekuja kwetu kila mwezi, mtu msafi, mwenye haraka, ambaye hakuwahi kukubali kiti. Mradi ungefanya mashindano ya Hisabati kwa darasa la saba, wilaya zetu mbili. Watoto watano wa kwanza wangesomeshwa sekondari ya bweni mpaka kidato cha nne. Miaka ile, kwa mtoto wa Matambarale ambaye baba amefariki na mama analima mbaazi kwa jembe, huo ulikuwa mlango ambao haufunguki mara mbili. Tena mratibu aliahidi kwamba mradi ungechapa kitabu chetu. Alinitaka nitoe mchoro mmoja kwa ajili ya karatasi ya maswali. Nilitoa ule wa piramidi, pamoja na mitatu mingine niliyoiharibu kwa makusudi. Swali lilikuwa: mchoro upi kati ya A, B, C na D ukikunjwa utatoa piramidi yenye kitako mraba? Jibu C.

Karatasi ilipangwa huko ofisini kwao, kwa programu ya kubofya na kuvuta. Nilikuja kujua baadaye kilichotokea. Michoro yangu haikujaza fremu waliyoiandaa, basi aliyekuwa anapanga akaushika kila mchoro kwenye pembe akauvuta upande mmoja hadi ukajaa. Mraba ukawa mstatili kidogo tu. Pembetatu mbili zikarefuka, mbili zikatanuka kitako. Kwa macho ni piramidi ileile. Ukikunja, ncha hazikutani.

Mratibu aliniletea nakala ya mwisho niisaini. Gari lilikuwa linanguruma nje, halikuzimwa. Nilikagua herufi, nikakagua namba za maswali, nikasahihisha neno "mstatiri" likawa "mstatili".

"Bi Zuhura, piga saini tu," alisema. "Michoro si ni yako mwenyewe?"

Mkasi ulikuwa mezani. Nauona mpaka leo ulipokuwa, karibu na kikombe. Nilipiga saini.

Mashindano yalifanyika, matokeo yakatoka, wageni wakaja, watoto watano wakapigwa picha na vyeti vyao. Somoe alikuwa wa sita. Alizidiwa na wa tano kwa swali moja.

Mwalimu Kasiani hakuamini. Alipanda gari la mnada mpaka Matambarale kumwuliza ni swali gani lililomshinda. Siku mbili baadaye aliingia chumbani kwangu bila hodi, akaniwekea mezani karatasi ya maswali iliyokatwa tundu kubwa katikati, na juu yake piramidi ndogo. Ilikuwa imekunjwa kwa mkono wake ninaoujua, mistari imenyooka, gundi haikuzidi popote. Juu ilikuwa wazi kama mdomo wa kifaranga.

"Ifunge," alisema.

Niliishika. Nilizibana pembetatu mbili zikakutana, mbili nyingine zikafunguka. Nikazibana hizo, za kwanza zikaachia.

"Mtoto aliandika nini?" nikauliza.

"Aliandika HAKUNA. Chini yake akaandika, C ingekuwa, lakini kingo zake hazilingani, nimepima." Akaketi. "Wakamwekea kosa. Na wewe uliikunja hii kabla ya kusaini?"

Nilimwambia hapana. Hakunigombeza. Alitazama sakafu kwa muda, pale pale alipozoea kupiga magoti.

Tuliitisha kikao. Tulikuwa wanne: mratibu, mkuu wa kituo, Mwalimu Kasiani na mimi. Mwalimu Kasiani aliweka piramidi mezani na kueleza, taratibu, kama anavyoeleza darasani. Mratibu alisikiliza mpaka mwisho, nampa haki yake.

"Mwalimu, hizi ni milimita chache," alisema.

"Sita."

"Sasa mtoto apime milimita kwenye mtihani? Alitakiwa kuchagua lililo karibu. Wenzake wote wamechagua C."

"Wenzake wametazama. Yeye amepima," alisema Mwalimu Kasiani. "Umbo halina karibu. Linafunga au halifungi. Tumewafundisha hivyo wenyewe."

Mkuu wa kituo akakohoa. Mratibu akanigeukia.

"Bi Zuhura, mchoro ulipotoka kwako ulikuwa sahihi?"

"Ndiyo."

"Na nakala ya mwisho uliikagua ukaisaini?"

Kabla sijajibu aliendelea kusema, si kwa kunitisha, alisema kama mtu aliyekumbuka jambo dogo: "Maana na kitabu chenu nacho kiko mezani kwangu. Wiki hii nilikuwa nakipeleka kiwandani. Sasa kama michoro ina matatizo, itabidi tukizuie."

Niliyotakiwa kusema nilikuwa nayo mdomoni. Nilisaini bila kukunja. Kosa ni letu, si la mtoto. Sahihisheni upya. Ni maneno machache, mnaweza kuyahesabu. Mwalimu Kasiani alinitazama akiyangoja, na hakuwa na wasiwasi hata kidogo kwamba yatatoka.

"Niliikagua," nilisema. "Nilisaini."

"Basi," alisema mratibu, akafunga faili.

Nilijiambia kwamba nimenyamaza kwa ajili ya maelfu ya watoto watakaopata kitabu, na kwamba mmoja si wengi. Nilijiambia hivyo njiani kurudi nyumbani, na kesho yake, na kila nilipomwona Mwalimu Kasiani akipita dirishani pangu bila kuingia.

Kitabu kilitoka. Kilikuja kwenye maboksi, karatasi nzuri, jalada la rangi. Mahali pa majina ya waandishi paliandikwa jina la mradi. Hilo ningelimeza. Nilikaa na mkasi nikakata ukurasa baada ya ukurasa. Waliivuta michoro yote ijaze kurasa. Mchemraba ulitoka kama tofali. Piramidi zilitoka na midomo. Umbo la nyuso kumi na mbili, ambalo nililililia enzi za stensili, halikukaribia hata kufunga. Vitabu vilikuwa vimeshagawiwa shuleni. Mwalimu mmoja wa Ruangwa aliniambia kwa nia njema kabisa kwamba kitabu ni kizuri, ila watoto wake ni wazembe, hawajui kukunja, imebidi awachape.

Nilimpelekea Mwalimu Kasiani nakala moja. Wakati huo alikuwa ameomba kustaafu mapema, amerudi Nandagala kwenye mikorosho yake. Alinikaribisha vizuri, mkewe akatupikia. Akafungua kitabu, akapitisha kidole kwenye ukurasa wa piramidi, hakuhitaji rula.

"Pole," aliniambia. Kisha akakifunga na kunisindikiza hadi barabarani, tukaongea habari za bei ya pembejeo. Ningependa anitukane. Alikuwa na adabu namna hiyo mpaka alipofariki, miaka minne baadaye. Kwenye mazishi msemaji wa familia alinitaja kama mfanyakazi mwenzake, nami niliinama kama wengine waliotajwa.

Kazi niliendelea nayo. Mtauliza nilifanya nini miaka iliyobaki, na hili ni la kujifunza, liandikeni. Nilirudia michoro yote arobaini na kuigawa karatasi moja moja kwa kila mwalimu aliyepita kituoni. Kwenye kila ukurasa niliweka mstari wa sentimita kumi kwenda kulia na mwingine wa sentimita kumi kwenda juu, na maneno: pima mistari hii kwanza, isipolingana usikate. Mtu akiuvuta mchoro, mistari inamsema. Mnayo kwenye kompyuta mpya, kwenye folda yenye jina langu. Msibadili amri zangu kuwa za Kiingereza bila sababu. Na mkiletewa kitu msaini huku gari linanguruma, mwambieni dereva azime.

Kabla sijastaafu nilikwenda Matambarale. Nilikodi pikipiki Ruangwa mjini asubuhi, nikamkuta Somoe uani kwake anapepeta ufuta. Ni mtu mzima sasa, ana watoto wawili, mkubwa alikuwa shuleni. Alinitambua kabla sijajitaja.

"Shikamoo, mwalimu." Sikuwahi kuwa mwalimu, lakini watoto wa shule zile walituita wote hivyo.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu. Nikupe maji?"

Nilikunywa maji. Nilimwambia habari za msiba wa Mwalimu Kasiani, akasema alisikia, na kwamba alitembea kwenda kuzika. Sikumwona siku ile, wala sikuwa nimemtafuta. Halafu nikasema nilichokuja nacho.

"Somoe, lile swali la piramidi kwenye mashindano."

"La kumi na tisa," alisema.

"Ulikuwa sahihi. Mchoro ule ulikuwa mbovu. Mimi ndiye niliyeusaini, na nilijua wiki ileile matokeo yalipotoka. Waliniuliza kwenye kikao nikanyamaza. Ungesomeshwa."

Ungo wake haukusimama. Alirusha ufuta, ukapanda, ukashuka, makapi yakaenda na upepo.

"Mwalimu Kasiani aliniambia mchoro mbovu," alisema. "La kikao hakuniambia."

"Hakukuambia?"

"Hapana. Alisema tu walikataa." Akapepeta tena. "Nilijua mnataka C."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nilijua, mwalimu. A ina pembetatu tatu. B pembetatu mbili ziko upande mmoja. D ina miraba miwili. Hata mtu asiyejua kitu angeona mnataka C. Nilipima, nikadhani rula yangu mbovu, nikaazima ya mwenzangu, nikapima tena. Nikakaa na ile C muda mrefu mpaka msimamizi akaniambia niendelee na mengine. Ningeiandika, ningekwenda."

"Sasa kwa nini hukuiandika?"

Hapo aliuweka ungo chini. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema, bila hasira, kama mtu anayeulizwa jambo ambalo mwulizaji alipaswa kulijua.

"Nilidhani na ninyi mtapima," alisema.

Mwenye pikipiki alikuwa ananingoja njiani, anapiga honi. Nilimwomba Somoe ungo wa pili, akaingia ndani kuniletea, tukapepeta wote wawili mpaka ufuta ule ukaisha.